Ving'amuzi viwili, mpira mmoja

(Mazungumzo na vijana wa chama, Kahama. Wengi mliomba maandishi, nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano na saa ameshika mwenyewe, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Juzi nilipita kwenye chumba cha game hapa mjini, kile cha kompyuta nne na feni moja. Vijana wawili wanabishana mpaka mishipa imewatoka. Mmoja anasema Epic wanaua game, mwingine anasema Epic ndio wakombozi. Nikakaa kusikiliza, maana ubishi wa vijana huwa una somo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka mingi mtu akitaka game ya kompyuta alikuwa anaenda Steam, na Steam kwa kawaida walikuwa wanamkata mtengenezaji asilimia 30 ya mauzo. Desemba 2018 Epic wakafungua duka lao, wakasema sisi tunakata 12 tu. Hapo kila mtu alipiga makofi. Lakini Epic hawakuishia hapo. Walienda kwa watengenezaji na mikataba ili game iuzwe kwao peke yao kwa muda. Metro Exodus ilifungwa mwaka mmoja. Borderlands 3, kwa upande wa kompyuta, miezi sita. Wachezaji wakawaka. Wengine wakasema huu siyo ushindani, huu ni kununua mlango na kuondoka na ufunguo. Wengine wakajibu: mkubwa aliyekaa sokoni miaka yote hiyo mngemtikisaje kwa maneno matamu?

Najua mnajiuliza, chama kinaingiaje kwenye game? Subirini. Hiyo game mnaicheza kila wikiendi, ila inaitwa Ligi Kuu.

Ukitaka kuangalia Simba na Yanga kwenye televisheni, unahitaji king'amuzi cha Azam. Ukitaka Arsenal na Liverpool, unahitaji DStv. Ndiyo maana mwenye kibanda umiza ana madishi mawili juu ya bati, na ndiyo maana wewe unalipa jero au buku kukaa kwenye benchi lisilo na mgongo. Programu ya simu ipo, lakini dakika tisini za mpira kwa bando, mnajua wenyewe linavyoyeyuka.

Sasa kuna kauli rahisi tunaipenda sana sisi wapinzani: "Ukiritimba huo!" Unaitamka, unapigiwa makofi, unakaa. Leo nawaomba tusiwe wavivu. Tuanze na upande wa pili wa hoja, tena kwa kutumia timu zetu.

Stand United, Chama la Wana, ilianzishwa na vijana wa stendi ya mabasi Shinyanga. Mwaka 2014 ikaingia Ligi Kuu. Ikapata udhamini wa kampuni ya madini, Acacia. Mwaka 2016 ukazuka mgogoro, upande mmoja kampuni, upande mwingine wanachama, na mdhamini akajiondoa. Mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda 2015 na kushuka 2021. Geita Gold ilipanda 2021, msimu wake wa kwanza ikamaliza ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima, timu ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka.

Mnaona mchoro huo? Timu za kwetu zimeishi kwa mgodi. Mgodi ukikohoa, timu inalazwa. Hela ya televisheni ni tofauti, kwa sababu inagawanywa kwa timu zote za ligi, yenye mgodi na isiyo na mgodi. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hela ile isingepatikana kama kila kituo kingeweza kuonyesha mechi zote bure. Mnunuzi analipa nyingi kwa sababu anapata peke yake. Huo ndio ukweli, na mtu akikubishia kwa hoja hiyo usimtukane, maana ana hoja.

Kwa hiyo swali langu siyo kama haki ya kipekee ni dhambi. Swali ni matatu: ya muda gani, inamgharimu nini mtu wa kawaida, na nani anaona karatasi.

La kwanza, muda. Wachezaji wa game waligombana kwa mwaka mmoja. Sisi tumesaini kumi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi 2021 atakuwa na ishirini mkataba ukiisha. Katikati hapo akitokea mtu mwenye bei nzuri zaidi, kwa klabu au kwa mtazamaji, atapita mlango gani? Ushindani unaokuja mara moja kwa miaka kumi ni kama mvua ya Kishapu. Ikija unashukuru, lakini huwezi kulimia.

La pili, gharama. Hapa ndipo game na mpira vinaachana. Yule kijana wa kompyuta akiikosa game Steam, anapakua duka la Epic bure, dakika kumi yuko ndani. Kero ipo, lakini hajanunua kifaa kipya. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu akitaka mpira wa pande zote mbili ananunua dishi la pili, king'amuzi cha pili na kifurushi cha pili. Kufungiwa ni kulekule, ila maumivu hayalingani. Sera nzuri inaangalia maumivu.

La tatu, karatasi. Wenye televisheni inayoonyesha ligi wana uhusiano wa umiliki na timu inayocheza ligi hiyohiyo, Azam FC. Sisemi kuna mtu kapendelewa. Na tuseme haki, wamewekeza kwenye mpira wa nchi hii wakati wengine walikuwa wanapiga domo. Lakini mambo yakiwa ya namna hiyo, mkataba unatakiwa kuwa mezani na mgao wa kila klabu ujulikane. Mwaka 2013, mkataba wa mwanzo ulipokuja, Yanga waliupinga hadharani. Malalamiko ya namna ile hayazimwi kwa kuambiwa nyamaza. Yanazimwa na uwazi.

Tufanyeje, sasa? Wengine watasema: gawa mechi, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Uingereza walijaribu. Tume ya Ulaya ilibana, na kuanzia msimu wa 2007/08 kituo kimoja hakikuruhusiwa kununua mechi zote. Sky wakachukua fungu kubwa, Setanta wakachukua lingine. Mshabiki akapata nini? Akajikuta analipa sehemu mbili! Setanta yenyewe ikaanguka huko 2009. Kwa hiyo kuongeza wauzaji peke yake hakumsaidii mnunuzi, kama kila muuzaji ana kipande chake alichokifungia.

Kinachosaidia ni mechi ileile kupatikana kwenye milango mingi. Na jambo hilo nchi hii tumeshalifanya, msidanganywe kwamba haliwezekani. Mnakumbuka kumtumia hela mtu wa mtandao mwingine ilivyokuwa? Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana mtu atume moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na 2016 Vodacom nao wakaingia. Hakuna aliyekufa njaa. Kila mmoja alibaki na wateja wake na makato yake, ila ukuta ukatoboka.

Tunaweza kudai hivyohivyo kwenye mpira. Aliyeshinda zabuni arekodi, atangaze, apate faida yake. Lakini chaneli yake iuzwe pia kwenye ving'amuzi vingine kwa bei ya haki. Mikataba ijayo iwe mifupi. Mgao uchapishwe. Na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, iulizwe rasmi, kwa barua, siyo kwa status ya WhatsApp.

La mwisho, mwenyekiti ananiangalia. Stand United walikuwa wanachezea wapi? CCM Kambarage. Uwanja uliojengwa enzi za chama kimoja, wakati kila mwananchi alikuwa anachangia atake asitake. Vyama vingi viliporudi 1992, chama kimoja kikabaki na funguo. Huo nao ni mkataba wa kipekee, tofauti yake ni kwamba haukuwahi hata kuwa na zabuni wala tarehe ya mwisho! Ukimkemea mwenye king'amuzi, aliyelipa bilioni na kusaini, halafu ukamkalia kimya asiyelipa chochote, wewe hutetei ushindani. Unatafuta wa kumuonea.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aende kwenye klabu yake, hata iwe ya daraja la chini, aulize mapato yanatoka wapi na nani anayaona. Ukijibiwa, andika. Usipojibiwa, andika hivyohivyo, tuletee.