Matembezi ya Siku Mbili: Tuanze na Maji

(Maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya vijana na vya akina mama)





Vikundi kadhaa vimetuuliza juu ya matembezi ya Jumamosi na Jumapili. Vijana wanataka safari ngumu, ya kubeba mizigo mgongoni na kulala njiani, lakini iwe karibu na nyumbani ili isile nauli. Wengine wametaja kilima cha Nzaui, wengine milima ya Mbooni. Wale wa Kitui wanasema wataanzia kwenye jiwe la Nzambani. (Anayeogopa kulizunguka mara saba, kwa ajili ya ile hadithi ya mwanamume kugeuka mwanamke, azunguke mara sita.)

Sisi tunaunga mkono. Mkipita kwa miguu mtaona makorongo yalivyokula mashamba, mtaona mabwawa ya mchanga ya wenzenu na jinsi walivyoyajenga. Kwa matatu mtu huona vumbi tu. Lakini leo hatukuja kuwasifia matembezi. Tumekuja kusema jinsi ya kuyapanga, kwa sababu sisi wenyewe tulishayapanga vibaya.

Hebu tuwaeleze. Ilikuwa Jumamosi moja ya Septemba, miaka michache iliyopita. Tulikuwa watu 19, vijana wengi wao, tukateremka kutoka upande wa Kilungu tukielekea Nzaui. Kila mmoja alibeba chupa moja ya maji. Mmoja wetu alisema katika mto fulani wa mchanga kuna kisima ambacho hakijawahi kukauka. Tulimwamini. Ni kwetu, jamani, nani angeenda kukagua njia ya kwetu? Kumbe yeye alikiona mwezi wa Juni. Tulipofika, saa sita ya mchana, tulikuta shimo lenye kina cha mtu mzima na mchanga mkavu chini yake.

Tukaendelea. Hilo ndilo kosa la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tungekaa kivulini mpaka jua lipungue, halafu turudi. Lakini tuliona aibu kurudi. Saa nane msichana mmoja alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akakaa chini, akashindwa kusimama. Vijana wakambeba kwa shuka mpaka boma la kwanza. Mama wa boma hilo hakutuuliza sisi ni nani. Alileta mtungi wake wa lita 20, akamlowesha msichana kichwa na shingo, akamnywesha kidogo kidogo, kisha akatugawia sisi wote mpaka mtungi ukaisha. Baadaye ndipo tulipojua kwamba maji hayo aliyafuata kwa punda tangu alfajiri, na yalikuwa ya nyumba yake kwa siku hiyo nzima. Msichana alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini sisi, watu wa maendeleo, tulikuwa tumekunywa maji ya watoto wa mwingine kwa sababu hatukupanga.

Basi, tuanze na maji. Mtu anayetembea juani na mzigo anahitaji kama lita 4 za kunywa kwa siku, na pengine zaidi. Chukueni watu 20. Hizo ni lita 80, yaani mitungi minne ya lita 20. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 80 kwa siku moja, kabla hamjagusa unga wala sufuria. Hakuna kikundi kitakachobeba maji ya siku mbili mgongoni. Kwa hiyo njia haipangwi kwa kutazama kilima kizuri. Inapangwa kutoka maji hadi maji. Kama katikati hakuna, punda atangulie na mitungi siku ya Ijumaa, au safari ifupishwe.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1851 mmisionari Krapf alikuwa akisafiri na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, kuelekea mto Tana. Walishambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akajikuta porini peke yake. Alifika mtoni akanywa, lakini hakuwa na kibuyu cha kubebea maji ya njiani. Alijaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mitutu ya bunduki yake akaijaza maji pia! Hayakumfikisha mbali. Baadaye alipata maji katika shimo ambalo nyani walikuwa wamelichimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Hakuwa wa kanisa letu, lakini kiu haiulizi mtu anasali wapi. Nyani wale walijua kile ambacho kila mama hapa anakijua: mto wetu ukikauka juu, maji hubaki chini ya mchanga kwa muda. Neno ni hilo, kwa muda. Ndiyo sababu watu wawili au watatu lazima waipite njia yote wiki moja au mbili kabla, na pale kisimani wateremshe kamba yenye jiwe wapime kina cha maji. Wamwulize pia mwenye kisima kama watu 20 wanaweza kuchota bila kuwanyima wenyeji. Akisema hapana, ni hapana. Na maji yatakayochotwa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yakionekana safi.

Kuhusu majira, sisi tungechagua Juni hadi Agosti. Jua ni pungufu na mchanga bado una kitu. Ila milimani, Kilungu na Mbooni, kuna ukungu na baridi kali usiku, kwa hiyo kila mtu awe na blanketi. Septemba mmesikia. Mvua za Oktoba hadi Desemba na za Machi hadi Mei ni za kulima, tena ni hatari mitoni. Hatuwezi kusahau tarehe 4 Desemba 2021, wanakwaya wetu wa Mwingi walipokuwa wakienda harusini na basi likasombwa na mto Enziu uliofurika. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hatusemi haya kumlaumu mtu yeyote. Tunasema mto uliokuwa mchanga asubuhi unaweza kuwa kaburi jioni, hata kama mvua imenyesha mbali na mlipo. Maji yakiwa yanapita na hamwoni chini, ketini. Mkichelewa siku moja, wazazi watanung'unika tu. Na mto Athi msiuvuke kwa miguu majira yoyote, una mamba.

Wako wanaotaka Chyulu. Ile ni mbuga ya taifa tangu 1983, ina nyati na ndovu, na huingii bila ruhusa ya wahifadhi. Tena huko juu hakuna mto. Mawe yale ya volkano hunywa mvua yote, na maji hutokea mbali chini, Mzima, ambako yamewekewa bomba mpaka Mombasa. Kwa safari ya kwanza, acheni Chyulu.

Mwendo uanze saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa pumzikeni kivulini, na saa kumi na mbili jioni muwe mmefika mahali pa kulala. Anayekwenda polepole awekwe mbele, si nyuma. Tumeona mara nyingi vijana wenye nguvu wakimbie, wapumzike, na yule mdogo akiwafikia wainuke tena, hivyo yeye hapumziki kabisa. Viatu viwe vile mtu alivyozoea, hata kama ni akala. Kijana wetu mmoja alinunua viatu vipya kwa ajili ya safari akarudi amevibeba mkononi.

Chakula hatutasema mengi, akina mama wanajua kutuzidi. Ila isyo iliyopikwa Ijumaa jioni itakuwa imechacha Jumamosi mchana. Bebeni viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, unga wa uji, sukari na chumvi. Sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko, vijiko vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, humsaidia anayeharisha au aliyeishiwa maji mwilini. Mtu akiumwa na nyoka msimkate, msimfunge kamba, msinyonye sumu. Mlazeni atulie, mguu usisogezwe, apelekwe hospitali haraka. Kwa hiyo mjue kabla ya kuondoka ni hospitali ipi, na ni nani mwenye pikipiki karibu.

Mahali pa kulala ombeni mapema, shule au kigango, na chifu aarifiwe. Wasichana walale chumba chao pamoja na mama mmoja au wawili. Mkilala kigangoni mtaipata ibada ya Jumapili bila kuvunja safari. Majina ya wote na njia mtakayopita muache kwa mwenyekiti, pamoja na saa mnayotarajiwa kurudi.

Na muamue mapema, mkiwa bado mmekaa hivi na mmeshiba, ni nani mwenye mamlaka ya kusema "turudi". Sisi siku ile hatukuwa na mtu huyo. Kila mmoja alingojea mwingine aseme.

Safari yetu ijayo ya Nzaui tumeiweka mwezi wa Julai. Tutapitia boma la mama yule, na punda atatangulia na mitungi mitano: minne yetu, na mmoja wake. Tunahitaji watu watatu wa kwenda kukagua njia. Wenye nia wabaki baada ya sala, waje na kalamu na kamba.