Kupima Umeme Uliookolewa Ofisini



Wakati Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10, Kamati inafikiri kuweka ofisini taa zinazojizima zenyewe chumba kikiwa kitupu, na mitambo ya kuongoza viyoyozi. Nimeombwa nieleze jinsi tutakavyojua kama vyombo hivyo vimetupa faida. Jambo hili lawahusu nyote, kwa maana fedha hizo zimetoka katika mazao yenu.

Umeme uliotumika husomwa kwenye mita. Umeme uliookolewa hausomwi kwenye mita yoyote, kwa kuwa haukupita. Hujulikana kwa hesabu: kile ambacho vyombo vya zamani vingalitumia, ukitoa kile kilichotumika. Kwa hiyo hapana budi kupima kabla ya kununua. Karani aandike yuniti za kila mwezi kwa miezi 12, pamoja na saa za kazi, hali ya joto na idadi ya watumishi. Aandike yuniti, si shilingi peke yake. Bei ya umeme ikibadilika, shilingi zitatudanganya.

Tuseme mwezi wa Julai tulitumia yuniti 1,000, na Julai iliyofuata, baada ya vyombo kuwekwa, 900. Mwenye haraka atasema tumeokoa 100. Lakini ikiwa Julai ya kwanza tulifanya kazi usiku kwa wingi wa mazao, na ya pili hatukufanya, huenda hatukuokoa hata moja. Na ikiwa kazi imeongezeka, hata vyombo vya zamani vingalitumia 1,300, basi tumeokoa 400.

Wakubwa nao hufanya hivyo. Huko New York, Marekani, jumba la Empire State Building, lililofunguliwa mwaka 1931, lina ghorofa 102. Katika matengenezo yaliyotangazwa mwaka 2009, madirisha yake 6,514 yalifanywa upya humo humo jengoni, na mitambo mipya ya kuongoza hewa ikawekwa. Ilikadiriwa kwamba matumizi ya nishati yatapungua kwa asilimia 38, yaani dola milioni 4.4 kila mwaka. Lakini wenye jumba hawakutosheka na makadirio. Mkandarasi alijifunga kwa mkataba kwamba akiba ikipungua, atalipa upungufu huo yeye mwenyewe. Mkataba wa namna hiyo hauwezekani pasipo kukubaliana mapema juu ya kipimo.

Ndugu wanachama, mkulima hakubali gunia lake likadiriwe kwa macho, wala hamwachii mnunuzi mizani peke yake. Basi na hapa, muuzaji wa vyombo asiwe ndiye mpimaji. Naomba Kamati ianze kuandika yuniti mwezi huu, na hesabu isomwe mbele ya Mkutano Mkuu kila mwaka. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.