Utepe wa Mguu Baada ya Kiharusi

Leo tunazungumza na akina mama na wote wanaomuuguza nyumbani mtu aliyepatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja.

Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu fulani ya ubongo kwa sababu mshipa umeziba, au mshipa unapopasuka. Misuli ya mguu haijafa; ni amri ya ubongo isiyoifikia vizuri. Ndiyo maana mgonjwa akiinua mguu, wayo huning'inia na vidole huburura chini.

Hapa kwetu Lamu jambo hili ni la hatari. Vichochoro ni vyembamba, nyumba nyingi zina vizingiti na ngazi za mawe, na punda hupita na mizigo. Kidole kikikwama mara moja tu, mzee huanguka na huenda akavunjika nyonga. Hata asipoumia, huingiwa na hofu, akakaa kitandani, na mguu ukazidi kudhoofu.

Baadhi ya wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, huubandika mguu wa namna hii utepe wa kunata. Je, utepe huu ni nini? Ni kitambaa cha pamba kinachovutika, chenye gundi upande mmoja. Hauna dawa ndani yake. Ulibuniwa Japani na Kenzo Kase katika miaka ya 1970, na wengi wetu tumeuona kwa wanamichezo. Kwa mgonjwa wa kiharusi, huweza kubandikwa kutoka juu ya wayo kupanda kwenye muundi, ili kuusaidia wayo kuinuka, au kando ya kifundo ili mguu usipinduke.

Je, unasaidia? Majaribio kadhaa, mengi yakiwa madogo, yameonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa hutembea na kusimama imara zaidi utepe unapotumiwa pamoja na mazoezi. Mengine hayakuona tofauti kubwa. Kwa hiyo, mama, utepe ni msaidizi wa mazoezi, wala si badala yake. Anayebandikwa utepe kisha akalala kutwa hajapata kitu. Ikiwa fedha ulizo nazo zinatosha nauli ya boti tu kutoka Faza au Kizingitini, usikope kununua utepe. Mpeleke mgonjwa akaonwe na mtaalamu, nawe ufundishwe mazoezi yanayomfaa. Uliza katika hospitali ya King Fahd mjini Lamu, au katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Ukishafundishwa, msaidie kila siku. Asimame kutoka kwenye kiti na kuketi tena, polepole, mara kadhaa. Asimame akishika dirisha imara, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Anapotembea, mkongojo uwe mkono wenye nguvu, nawe simama upande uliopooza, nyuma yake kidogo. Usimvute kwa mkono uliopooza, maana bega litaumia. Kwenye ngazi, akipanda mguu mzima utangulie. Akishuka mguu mgonjwa utangulie.

Ikiwa amebandikwa utepe, mambo haya uyakumbuke:

Kwanza, abandike aliyefunzwa. Utepe wa kufungia mizigo au wa fundi wa umeme usitumike kamwe.

Pili, usibandikwe juu ya kidonda au ngozi iliyochubuka. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na lenye maumivu, mpeleke hospitali upesi. Huenda damu imeganda ndani.

Tatu, itazame ngozi kila siku, hasa kwa mwenye kisukari. Mguu uliopooza huenda usisikie uchungu, basi macho yako ndiyo mlinzi wake. Ukiona wekundu, malengelenge au vidole vimebadilika rangi, utoe.

Nne, kwa kawaida utepe hukaa siku 3 hadi 5. Kuutoa, upake mafuta ya nazi, ngoja kidogo, kisha uukunje taratibu kufuata malalo ya nywele huku ukiishika ngozi. Usiung'oe kwa nguvu.

Tano, anayetawadha amweleze mtaalamu kabla ya kubandikwa, na amuulize mwalimu wake wa dini hukumu ya kutawadha akiwa na utepe.

Mwisho, dawa za shinikizo la damu zisikatizwe kwa sababu mgonjwa ameanza kutembea. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usingoje kupambazuke. Tafuta chombo, mfikishe hospitali.