Usomaji Mzuri, Antena Mbovu: Upimaji wa Antena za Kituo za Kujitengenezea Mjini Kampala

Fundi anayejitengenezea antena ya kituo cha redio kwa kawaida huona kazi imekwisha pale mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) iliyo kando ya redio inaposoma 1.5 au chini ya hapo. Mada hii inapinga mazoea hayo. Usomaji unaochukuliwa chumbani, mwisho wa kebo ndefu, hausemi mengi kuhusu antena. Antena ipimwe kwanza mguuni pake, na kebo ipimwe peke yake.

Tuchukue antena ya robo wimbi yenye fimbo moja ya wima na nyaya nne za chini, kwa bendi ya redio za ridhaa ya megahezi 144 hadi 146. Katikati ya bendi wimbi lina urefu wa mita 2.07, na robo yake ni sentimita 51.7; fimbo halisi huwa fupi kwa takriban asilimia 5, yaani karibu sentimita 49. Vifaa havina shida: fimbo ya shaba, soketi ya SO-239 na kipande cha bomba, na fundi chuma wa Katwe anaweza kutengeneza kishikio. Nyaya za chini zikilala sambamba na ardhi, antena huwa na takriban omu 36. Zikiinamishwa nyuzi 45 hukaribia omu 50 za kebo. Fimbo ianze na sentimita 52, kisha ipunguzwe polepole. Ikifika karibu na kipimo, msumeno uwekwe kando itumike tupa, kwani nusu sentimita tu hupandisha masafa yanayoitikiwa kwa karibu megahezi 1.5, robo tatu ya bendi nzima.

Sasa tuunge mita 30 za kebo ya RG-58, ile nyembamba inayopendwa kwa bei yake. Kwa megahezi 145 kebo hiyo hupoteza takriban desibeli 6: wati 40 zikitoka redioni, 10 ndizo zinazofika juu. Nguvu inayorudishwa na antena mbovu nayo hupotea njiani ikirudi, jumla desibeli 12. Matokeo yake ni kwamba hata antena ikiondolewa kabisa na kebo ikaachwa wazi, mita ya chumbani itasoma karibu 1.7. Fundi atafurahia namba ambayo kebo tupu ingekaribia kumpa.

Wapo watakaosema kwamba usomaji mdogo unailinda redio, na hilo latosha. Ni kweli unailinda, lakini kituo hujengwa ili kisikike, na kwa SWR ya 2 antena yenyewe hurudisha asilimia 11 tu ya nguvu, hasara ndogo kuliko ile ya kebo. Wengine watasema kupima juu ya mlingoti ni hatari. Hakuna haja ya kupanda: antena isimamishwe juu ya nguzo fupi mahali pa wazi, mbali na mabati, ipimwe kwa kebo fupi, ndipo ipandishwe. Pingamizi zito zaidi ni la mlima na bonde. Aliye kilimani Muyenga ana kimo bila mlingoti, ila wa bondeni Bwaise hana budi kuinua antena, na kebo hurefuka. Jibu ni kununua kebo nene kama RG-213, ambayo kwa urefu uleule hufikisha zaidi kidogo ya nusu ya nguvu, hata ikibidi kupunguza gharama ya antena.

Mlingoti mrefu pia huleta suala la radi, maana ukanda wa Ziwa Victoria una ngurumo nyingi. Hata nje ya ukanda huo, mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Kwa hiyo mlingoti na ganda la kebo viunganishwe na fimbo ya ardhini kabla kebo haijaingia nyumbani, na fimbo hiyo iunganishwe na ile ya umeme wa nyumba.

Napendekeza kila kituo kiandike vipimo vitatu siku ya kukamilika: SWR mguuni pa antena, SWR redioni, na wati zinazofika mwisho wa kebo. Usomaji wa redioni ukibadilika baadaye, vipimo hivyo vitaonyesha pa kuanzia kutafuta kasoro.