Siku Moja ya Jamaa Katika Jumba la Gede



Jumba la Gede limo msituni, maili 10 hivi kusini ya mji wa Malindi, karibu na njia panda ambapo barabara ya Watamu huiacha barabara kuu itokayo Mombasa. Watu wengi wa Kenya wamelisikia jina lake tangu walipokuwa shuleni, na kila mwaka wengi huenda kulitazama, wenyeji na wageni wa ng'ambo. Lakini si wote warudio nyumbani na furaha. Hutokea kwamba baba hutoa nauli ya watu sita, hufika saa sita ya mchana na jua la utosini, huwazungusha watoto upesi upesi kati ya kuta, kisha mtoto mmoja huuliza, "Baba, jumba lenyewe liko wapi?" Na baba hana la kujibu, kwa maana yeye pia aona mawe tu.

Swali la mtoto huyo ni la haki. Jumba la Gede halina dari, halina milango ya mbao, wala halina zulia au kiti. Majumba ya wafalme yaliyo mazima, kama yale ya Ulaya, hujieleza yenyewe: kitanda cha mfalme kipo, taa zake zipo, na picha yake i ukutani. Gofu halijielezi. Basi safari ya Gede haianzi stesheni ya matatu. Huanza nyumbani, jioni mbili tatu kabla ya siku yenyewe, watu wakiisha kula, na baba au mama (au babu, ikiwa yupo, naye huenda akafaa kuliko wote) akiwapa watoto habari ya mji ule.

Habari yenyewe si ndefu. Gede ulikuwa mji wa Waswahili, na watu walikaa pale kwa karne nyingi. Fahari yake kubwa ilikuwa katika karne ya 15. Mji wote ulizungukwa na ukuta, na ndani ya ukuta mna eka 45 hivi. Katikati palikuwa na jumba la mkuu wa mji, msikiti mkubwa wa Ijumaa, na nyumba za matajiri; nyumba za watu wa kawaida zilijengwa kwa miti na udongo, nazo zimetoweka. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 wakakaa karibu miaka mia, lakini katika maandiko yao hapana habari wazi ya mji huu mkubwa uliokuwa karibu nao namna ile. Katika karne ya 17 mji ulihamwa, msitu ukaingia ndani. Bwana John Kirk, balozi wa Waingereza Unguja, alifika pale mwaka 1884. Mwaka 1948 Bwana James Kirkman alianza kazi ya kufukua, akaiendesha miaka kumi, ndipo kuta zilipoonekana tena.

Liko jambo moja ambalo mzazi hana budi kulisema kwa uangalifu, kwa kuwa watoto watauliza: Ni nani waliojenga? Kitabu cha Bwana Kirkman kilichotoka mwaka 1954 kiliuita mji huu mji wa Waarabu, na watu wengi walifundishwa hivyo, hata wakaamini ya kwamba mtu wa pwani alikuwa mgeni wa kutazama tu mambo yakitendwa na wengine. Wataalamu wa siku hizi hawasemi hivyo. Waona kuwa Gede ni mji wa Waswahili wenyewe: vyungu vingi vya kupikia vilivyofukuliwa ni kazi ya mikono ya huku huku, na mawe na chokaa ni vya pwani hii. Wala si kweli kusema kwamba damu ya ng'ambo haikuingia. Uchunguzi wa mifupa ya wazee wa miji mingine ya pwani, uliotangazwa mwaka 2023, umeonyesha ya kwamba wengi wao walikuwa na asili mbili, ya Afrika hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, zaidi Uajemi, kwa upande wa baba. Mtoto wa Kigiriama, wa Kikuyu au wa Kijaluo asimamaye mlangoni pa jumba lile yafaa ajue kwamba hatazami nyumba ya wageni waliopita njia.

Haya basi, na safari. Siku ya mvua za masika haifai, kwa maana majani hulowa na mbu huwa wengi chini ya miti. Jamaa itokayo Mombasa ina mwendo wa maili 60 na kitu. Tangu daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 hapana tena kungojea kivuko, hata hivyo ni afadhali kuondoka alfajiri. Mwenye kutoka Malindi aweza kunywa chai yake kwa utulivu. Matatu za Mombasa na Malindi hupita njia panda ya Gede, na kutoka pale ni mwendo mfupi wa miguu mpaka langoni. Shabaha ni kuwa ndani kabla ya saa tatu ya asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa sababu wakati huo vivuli huonyesha kila kidaka na kila tundu la ukuta. Saa sita vyote huwa vyeupe, sawasawa.

Kuna kiingilio, na wenyeji hulipa kidogo kuliko wageni. Afadhali mtu aulize mapema bei ya siku ile na njia ya kulipa, kwani siku hizi mahali pengi pa serikali hupokea fedha kwa simu, na ni aibu kusimama langoni na noti mkononi huku watoto wamekwisha choka. Yafaa pia kuweka fedha kidogo ya kiongozi wa pale. Wako watu waliojifunza habari za magofu haya, na kiongozi mwema huokoa nusu ya siku.

Ndani, shauri la kwanza ni kutotaka kuona yote. Magofu ni mengi. Mtoto wa miaka saba akipelekwa kila nyumba, ataichukia historia mpaka atakapooa. Jumba peke yake latosha saa nzima, likitazamwa kama nyumba ya watu.

Watoto na waanzie kwenye lango, lenye tao lililochongoka juu, na wapite kama wapitavyo wageni waliokuja kumwona mkuu. Watashuka uani, kwa sababu nyua za Gede zilichimbwa chini kidogo kuliko vyumba. Hapo waulizwe: mgeni alisimama wapi, naye mwenye nyumba alikaa wapi? Upo ua ambao wafukuaji waliona kuwa ndio mahali pa baraza, mkuu aliposikiliza mashauri ya watu. Kisha wapime chumba kwa hatua zao. Wataona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, karibu vyote. Sababu yake si ubahili. Dari ilikuwa ya mawe na chokaa, nzito mno, nayo ilichukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda. Kwa hiyo upana wa chumba cha tajiri ulikatwa na mti wa baharini. Mtoto akiisha kufahamu hilo, kila nyumba ya kale ya Lamu au Mombasa atakayoingia ataitambua.

Mama wa nyumbani ataona mambo ambayo baba hupita asiyaone. Ataona vidaka vya kuwekea taa. Ataona vyoo, navyo vina mahali pa kutawadhia kando, kazi safi kabisa. Kuna nyumba nyingi za kupanga mjini leo zisizo na choo cha namna ile. Katika nyumba za Gede mna pia ghala zisizo na mlango wa kawaida, ambazo ziliingiwa kwa kitundu kilicho juu ukutani. Mtoto mwerevu atauliza waliingiaje. Asijibiwe mara moja, aachwe akisie.

Karibu na jumba ziko nyumba ambazo zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, na nyingine. Mchezo mzuri kwa watoto ni kukisia kila kitu kilitoka wapi. Mkasi husemwa ni wa Uhispania, taa ya India. Ushanga mmoja ulitoka Venice. Na vyombo vya kauri vya China vilipatikana kwa wingi. Haya yote yalifika kwa jahazi na kwa mikono ya wafanya biashara, katika mji usio na bandari mlangoni pake. Langoni pana makumbusho madogo, na ni afadhali kuyatazama mwisho, watoto wakiwa wamekwisha ziona nyumba zenyewe. Wakianza na makumbusho wataona bakuli tu. Wakimaliza nayo wataona bakuli la mtu.

Msikiti mkubwa usipitwe. Kibla chake chaelekea kaskazini, kama ilivyo misikiti yote ya pwani hii, na juu ya mlango mmoja pamechongwa mkuki. Kando yake pana kisima. Hapa wazazi na washike watoto mikono, kwa maana visima vya Gede ni virefu na havichezewi. Kisima hicho kilichimbwa zaidi kwenda chini baada ya kujengwa, na ndiyo sababu wengine husema kwamba maji ya mji yalikuwa yakididimia mpaka watu wakashindwa. Wengine hutaja vita: Wazimba mwaka 1589, na baadaye mashambulio ya Waoromo kutoka kaskazini. Wengine tena hukumbusha kwamba mkuu wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno katika miaka ya 1590, biashara ikamfuata. Huenda yote yalisaidiana. Lipo pia kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399. Mwenye kusoma tarakimu za Kiarabu katika jamaa apewe heshima ya kulitafuta.

Juu ya kupanda kuta, neno ni moja tu: hapana. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimekaa bila paa miaka mia tatu na zaidi, na mvua peke yake yawatosha walinzi kwa kazi. Kijana apandaye ukuta ili apigwe picha huangusha jiwe ambalo halirudi. Mwezi wa Julai mwaka 2024 Gede iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini orodha haizuii kiatu. Baba ndiye azuiaye.

Chakula kisifunguliwe kati ya magofu. Wako kima wengi, nao hawaogopi watu. Hunyakua ndizi mkononi mwa mtoto, na mtoto hulia siku nzima. Wasilishwe hata kwa huruma, kwa maana kima aliyezoea mkate huja kuuma. Maji ya kunywa yachukuliwe ya kutosha, na viatu viwe vya kufunga, si ndala, kwa sababu mizizi ya miti imetoka juu kila mahali.

Jamaa iliyoingia saa tatu itakuwa imemaliza karibu na saa sita. Hapo watu wale, wapumzike kivulini, na wenye nguvu iliyobaki watazame Kipepeo, kazi iliyoanzishwa mwaka 1993 jirani na magofu, ambapo wakulima wakaao kando ya msitu wa Arabuko Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo na kuwauza mpaka ng'ambo. Watoto wadogo mara nyingi hupendezwa na hao kuliko jumba lote, na wazazi wasikasirike. Watokao Mombasa wawe barabarani kufika saa tisa ya alasiri, maana jioni matatu hupita zimejaa, na jamaa ya watu sita haipati nafasi katika gari moja.