Nguvu Iliyotangulia Kadi: Vikundi vya Wanawake wa Pwani na Utumishi wa Jamii



Tunapozungumzia vyama vya wanawake tumezoea kuanzia siku ya kusajiliwa. Mada hii inasema kwamba utumishi wa wanawake kwa jamii ulitangulia usajili, na kwamba vyama vilivyoheshimu msingi huo ndivyo vilivyopata nguvu upesi.

Vikundi vya ngoma

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanawake wa miji ya pwani walikuwa na vikundi vya ngoma ya lelemama. Vilikuwa na vyeo, sare, michango na ushindani mkali; huko Mombasa, vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa mahasimu wakubwa. Lakini mwenzao alipofiwa au alipokuwa na harusi, wanakikundi walichanga, wakapika, wakakesha naye. Mgeni wa mjini asiye na jamaa alipata watu wa kumsitiri.

Miaka ya 1950

Serikali ya kikoloni nayo ilihimiza klabu za wanawake. Nchini Kenya, Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952, ikifundisha ushonaji, upishi, usafi na malezi. Maarifa hayo yalifaa, ila ratiba ilipangwa na mabibi wa Kizungu.

Dar es Salaam mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, wanawake wao wako wapi. Kazi ya kuwaingiza wanawake chamani ikamwangukia Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walichukua kadi. Imani waliyokuwa wameijenga misibani na harusini ndiyo iliyofanya wito huo uitikiwe.

Mombasa nako, wanawake waliotoka kwenye lelemama waliunda vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyohangaikia elimu na ustawi wao.

Baada ya Uhuru

Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) uliundwa mwaka 1962, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wa kwanza. Vituo vya kulelea watoto, madarasa ya kisomo na miradi ya ushirika viliendeleza desturi ileile ya kubebana.

Mapendekezo

Kwanza, afisa maendeleo ya jamii asiunde kikundi kipya kabla ya kukaa na akina mama wa upatu na wa kufa na kuzikana waliopo mtaani. Pili, wanachama wenyewe waamue kazi ya kikundi na wamchague kiongozi wao, mfadhili asiwapangie. Tatu, halmashauri zirekodi kumbukumbu za bibi zetu walioongoza vikundi hivi, wangali hai, ziwekwe katika maktaba za wilaya na zifundishwe shuleni.