Kiongozi Mcha Mungu: Tumpime kwa Kipi?

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wanajumuiya wenzangu hapa Houston. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka ili na walioko nyumbani wayasome.)

 

Nimepewa mada nzito: maadili na dini katika uongozi wa wahafidhina wa Marekani. Kila uchaguzi ukikaribia, sisi wenyewe humu tunagawanyika. Mmoja atasema, "Mimi kura yangu ni ya Republican, maana hao wanamwogopa Mungu na wanapinga utoaji mimba." Mwingine atamjibu, "Hao ni wanafiki watupu, dini kwao ni chambo cha kura." Mimi naomba nisimkubalie yeyote kati ya hawa wawili, na sababu yangu inaanzia nyumbani kwetu Tanga.

Dada yangu mkubwa alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI mwanzoni mwa mwaka 2003. Wakati ule dawa za kurefusha maisha zilikuwa za wenye fedha. Nilikuwa natuma nilichojaliwa, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunahesabu siku. Mwaka 2005 akaanza kupewa vidonge bure. Leo hii analea wajukuu. Mpango uliolipia dawa zile unaitwa PEPFAR, na aliyeuanzisha ni George W. Bush, mtu ambaye mwaka ule ule wa 2003 mimi nilisimama barabarani na bango kumpinga kwa sababu ya Iraq.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo.

Tarehe 28 Januari 2003, katika hotuba yake ya hali ya taifa, Bush aliliomba Bunge dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI, nyingi zikielekezwa Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwamo. Tujiulize, Bush alikuwa na kura ngapi Tanga? Hata moja hakuwa nayo. Na wahafidhina wengi hawakuwa watu wa kupenda misaada ya nje. Lakini walokole waliomzunguka, akiwemo mwandishi wake wa hotuba Michael Gerson, walishikilia kwamba mwenye imani hawezi kuwatazama watu wakifa wakati dawa ipo.

Tena kabla yake kuna Seneta Jesse Helms wa North Carolina. Huyu bwana naomba tusimpambe. Mwaka 1983 alipinga kwa nguvu zote siku ya mapumziko ya kumkumbuka Martin Luther King, na kwa miaka mingi alipinga fedha za UKIMWI akisema unatokana na mwenendo wa kuchukiza wa wagonjwa wenyewe. Lakini mwaka 2002, akiwa mzee na mgonjwa, alitamka hadharani kwamba anaona aibu kwa kufanya machache mno, akataka zitengwe dola milioni 500 kuzuia mama wasiwaambukize watoto wao. Mwanasiasa kusema "nimekosea" ni jambo adimu, na yeye alilisema mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimshangilia.

Sasa tugeuze upande wa pili. Mwezi Machi 2003 Bush huyo huyo aliingia vitani Iraq. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtuma Kadinali Pio Laghi hadi White House kumsihi asiende. Maaskofu wa kanisa lake mwenyewe la Methodist walimpinga. Hakuwasikiliza. Silaha za maangamizi hazikuonekana, watu wasio na hatia waliteketea, na mwaka 2004 tukaona picha za Abu Ghraib. Hapo ile hofu ya Mungu ilikuwa wapi?

Na aliyesimama kukataza mateso kwa wafungwa alikuwa nani? Alikuwa Seneta John McCain, mhafidhina, mtu asiyezoea kuitangaza dini yake, lakini aliyekuwa ameteswa mwenyewe gerezani Vietnam. Mwaka 2005 alipambana na Ikulu ya chama chake mpaka Seneti ikampa kura 90 kwa 9.

Kwa hiyo mizani yangu ni hii: imani ya kweli humfunga kwanza mwenye nayo. Kiongozi akimtaja Mungu ili kuwabana wengine, wale asiowapenda na wasiompigia kura, hiyo bado si maadili. Akiwa na kanuni inayomzuia yeye kufanya analolitaka, au inayomlazimisha kuwatendea wema wasio na cha kumlipa, hapo tumheshimu, hata kama si wa chama chetu. Na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili mwaka mmoja, kama tulivyoona. Tupime tendo kwa tendo.

Mtaniuliza kwa nini nayafufua ya zamani. Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Republican ilisimamisha misaada ya nje. Dada akanipigia simu usiku: "Mdogo wangu, kliniki wametuambia hawajui mwezi ujao itakuwaje." Miaka ishirini ya uhai ikaning'inia kwenye uzi. Baadaye walitoa ruhusa kwa dawa za kuokoa maisha, lakini wafanyakazi wengi walikwishapoteza kazi. Na waliotoa amri ile nao huanza mikutano yao kwa sala. Hata hivyo, mwezi Julai 2025 ilipotakiwa kukata dola milioni 400 za PEPFAR, ni maseneta wa Republican hao hao waliokataa, zikaondolewa kwenye orodha. Wangekuwa wote wanafiki, fedha zile zingekwenda.

Basi sisi wenye uraia wa hapa tusikae kulaumu tu. Mpigie simu mwakilishi wako, hasa akiwa mhafidhina anayejisifia kulinda uhai. Mwambie kwa adabu: mheshimiwa, uhai unaoulinda unaishia mpakani? Mimi nimempigia wa kwangu mara tatu. Sijajibiwa, na nitapiga tena.

Na ninyi mlioko nyumbani, mizani hii haichagui nchi. Mkimwona mheshimiwa safu ya mbele msikitini au kanisani, muulizeni dini hiyo imewahi kumzuia kufanya nini.

Dada yangu anawasalimu. 

Nawasilisha.